Riwaya, kumbukumbu na "kisa cha kweli": nani amekuahidi nini?

Hadithi huja kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mtwara na Lindi ikiwa imekatwa vipande. Sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, na juu kabisa herufi kubwa: KISA CHA KWELI. Binti katoka Tandahimba, kapelekwa Dar kufanya kazi za ndani, bosi kambadilisha jina kwa kuwa lake ni la kishamba, na rafiki yake wa utotoni kakutana naye Kariakoo akajifanya hamjui. Ikifika sehemu ya tisa grupu limeshagawanyika. Wengine wanataka namba ya huyo dada wamchangie. Wengine wanasema stori ya kutunga hiyo, mwandishi mwongo. Na hakosi mmoja wa kuapa kwamba binti ni wa kijijini kwao, anamjua mpaka mjomba wake.

Wote wanagombania kitu ambacho mwandishi hakukisema: amewaahidi nini. Vitabu na visa vya watu wanaohangaika kujua wao ni nani na kwao ni wapi vinasomwa sana, na ndivyo vinavyochanganya kuliko vyote, maana mwandishi huwa karibu mno na anachokiandika.

Tuweke majina sawa kwanza. Wasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni maisha ambayo mtu ameyaandika mwenyewe, kwa kawaida tangu kuzaliwa hadi alipofika siku ya kushika kalamu. Kumbukumbu ni ndugu wa tawasifu, ila huchukua kipande tu: miaka minne ya bweni, msimu wa ukimbizi, urafiki mmoja ulioanza na ukavunjika. Riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni. Katikati ipo riwaya ya kitawasifu, ambamo mwandishi anachota maishani mwake lakini anabaki na ruhusa ya kubuni. "Kisa cha kweli" si aina ya uandishi. Ni tangazo la biashara.

Sasa hiyo ahadi. Kumbukumbu ni kama stakabadhi ya ghala. Mkulima akifikisha korosho chama cha msingi, karani anapima, anaandika kilo na daraja, na alichokiandika lazima kikutwe ghalani. Kikikosekana, karani ana kesi. Riwaya ni korosho iliyokwisha kubanguliwa, kukaangwa na kutiwa pakiti. Imetoka kwenye mashamba ya watu, hilo halina ubishi, lakini za Newala zimechanganywa na za Nanyamba, na hakuna mkulima wa kushika punje moja akasema hii ni ya mkorosho wangu wa nyuma ya nyumba. Anayeidai riwaya stakabadhi anamwonea mwandishi. Na anayeuza korosho ya kukaanga kwa stakabadhi ya ghafi anamwibia msomaji.

Adam Shafi anatupa mfano wa pande zote mbili. Alifungwa Zanzibar baada ya Rais Karume kuuawa mwaka 1972, na jela ile ndiyo iliyozaa Haini (2003). Lakini Haini ni riwaya. Mfungwa wake anaitwa Hamza, na hakuna msomaji mwenye haki ya kumdai mwandishi uthibitisho wa kila pigo na kila neno la askari. Miaka kumi baadaye akatoa Mbali na Nyumbani, ambamo anasimulia ujana wake mwenyewe na safari ya kutoka Unguja kutafuta masomo ng'ambo. Humo anajibu kwa jina lake.

Na kujibu kwa jina lako kuna gharama. Mzee Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alipotoa kitabu chake cha kumbukumbu mwaka 2019 hakuweza kuyaruka mauaji ya Pemba ya Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa upinzani yeye akiwa rais. Ilimbidi akiri kwamba yalibaki doa kwenye uongozi wake. Angetunga riwaya ya rais wa kubuni, angechagua mwenyewe alipake wapi doa, au asilipake kabisa.

Namna ya kuzitofautisha ukiwa unasoma

Watu wengi hutazama kama hadithi imeandikwa kwa "mimi". Hicho si kipimo. "Mimi" wa riwaya anaweza kuwa wa kubuni kuanzia unyayo hadi utosi. Kipimo kizuri zaidi ni hiki: msimulizi anajua nini, na alikijuaje?

Chukua tukio dogo la mfano. Binti wa miaka 14 kutoka kijiji cha Tandahimba yuko siku ya kwanza bwenini, Lindi. Wenzake wanamuuliza kwao wapi, naye anajibu Shangani, Mtwara mjini. Kitanda cha pili yupo Salma, waliyepanda naye basi moja kutoka kijiji kimoja. Kumbukumbu ingeweza kwenda hivi:

"Nilisema Shangani. Sijui kwa nini Shangani. Nilipita pale mara moja tu, na baba, tukienda hospitali ya Ligula. Salma alikuwa anakunja shuka. Kama alisikia, hakuonyesha. Hatujawahi kulizungumza, na mwaka jana nilipomwomba dada yake namba ya simu bado nilikuwa naona haya."

Na riwaya hivi:

"Salma alisikia. Alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Shangani! Asubuhi ileile wamegawana muhogo mmoja pale njiapanda ya Mnazi Mmoja, mwenzake akilia kwamba anataka kurudi, na jua halijazama keshakuwa mtoto wa Shangani. Angeweza kufungua mdomo. Badala yake akauliza nani ana ndoo ya ziada."

Kipande cha kwanza hakiwezi kuingia kichwani mwa Salma. Kinaishia kwenye shuka, kwa sababu hapo ndipo macho ya msimulizi yalipofika. Cha pili kinaingia bila kubisha hodi. Ukikuta kumbukumbu inakuambia Salma aliwaza nini, bila kusema Salma alimweleza lini, ujue mwandishi kaandika kilo ambazo hazikupimwa. Si lazima awe mwongo. Mara nyingi anamhurumia tu mtu wa zamani, anamtilia mawazo mazuri au mabaya kwa faida yake mwenyewe.

Tazama pia maneno "sijui kwa nini Shangani". Hayo hayakusemwa na binti wa miaka 14. Ni ya mtu mzima anayemtazama yule binti kwa mbali. Kumbukumbu nzuri ina "mimi" wawili, aliyetenda na anayekumbuka, na utamu wote uko kwenye nafasi iliyopo kati yao. Akibaki yule wa zamani peke yake, kitabu kinakuwa ripoti ya matukio. Akitawala huyu wa sasa, kinakuwa hotuba ya mzee kwenye mahafali.

Tena hakuna mahali katika vipande vile palipoandikwa kwamba binti "anatafuta utambulisho wake". Kadanganya jina la mtaa, basi, na tumeshajua kila kitu.

Utambulisho una tabaka

Wengi wakisikia kitabu kinahusu utambulisho wanafikiri kabila. Kabila ni tabaka moja tu. Kuna mtu anavyojiita, kuna watu wanavyomwita, na kuna karatasi inavyosema. Vitabu hivi huzaliwa pale hayo matatu yanapokataa kulingana.

Wamakonde wa Kenya ni ushahidi. Wazee wao walivuka kutoka Msumbiji kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya pwani, wakazaa, wakajukuu, na vizazi vikakaa miaka na miaka bila kitambulisho cha taifa. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki hiyo, na baadaye serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la nchi. Kabla ya hapo walijiita Wakenya, majirani wakawaita wageni, na karatasi haikuwaita chochote.

Huku kwetu mto Ruvuma umepita katikati ya koo. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji watu wengi walivukia Mtwara na Lindi, wapigania uhuru wa FRELIMO wakawa na kambi yao Nachingwea, na baada ya uhuru wa mwaka 1975 wapo waliorudi na wapo waliobaki. Mjukuu wa waliobaki anaweza kuishi bila kulifikiria kabisa, mpaka siku anapojaza fomu na kuulizwa babu yake alizaliwa wapi. Swali la mstari mmoja, na riwaya nzima imo ndani yake.

Zipo tabaka ndogondogo ambazo mgeni hazioni. Mmaraba, yaani Mmakonde wa pwani, na Mmakonde wa Newala juu wanaweza kuonana tofauti kabisa, ingawa Dar wote wataitwa jina moja. Kuna dini, kuna aliyeingia jandoni na aliyetahiriwa hospitali, kuna aliyewahi kukaa Dar na ambaye hajavuka Rufiji. Shaaban Robert alikuwa na asili ya Kiyao, akazaliwa Tanga, na mwenyewe akajiita Mswahili. Anayetaka kumfungia kwenye neno moja ana kazi.

Hapa ndipo waandishi wetu wengi huharibu. Mhusika akiwa na bibi mwenye ndonya, hadithi inasimamishwa ukurasa mzima tuelezwe ndonya ni nini, huvaliwa mdomo upi, zamani ilimaanisha nini. Huyo ni mwongoza watalii, si msimulizi. Andika kwamba kila basi la Dar likisimama pale stendi, bibi anayeuza karanga hufunika mdomo wa juu kwa ncha ya kanga, na basi likiondoka anaiachia. Mjukuu amekaa pembeni anahesabu chenji na ameona. Msomaji wa Newala ataelewa mara moja. Wa Mwanza ataelewa nusu, na ile nusu aliyoikosa itamfanya afungue ukurasa unaofuata.

Kwa nini rafiki, si ndugu

Vitabu vya kutafuta pa kukaa huegemea urafiki mno, na si kwa bahati. Ndugu amepewa; hata akikuchukia bado ni ndugu. Serikali inataka karatasi. Rafiki ndiye peke yake aliyekuchagua na ambaye kesho anaweza kukuacha bila kuitisha kikao. Kwa hiyo mwandishi akitaka kujua mhusika wake anakubalika kiasi gani, humpima kwa rafiki.

Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali, akamkimbia, na jamaa zake wakamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, Mswahili wa Ng'ambo, upande wa wanyonge wa mji wa Unguja. Chumba cha Mwajuma kinasema mengi juu ya Zanzibar ya mkoloni kuliko hotuba yoyote. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, Yusuf ni mtoto aliyewekwa rehani na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Yusuf anamwita tajiri kama mtu wa ukoo wao. Anayemzindua kwamba yule si ndugu yake ni Khalil, kijana mwenzake wa dukani, ambaye naye ni wa rehani vilevile. Baba hakuweza kumwambia ukweli huo, na tajiri hakuwa na sababu ya kumwambia. Ilibidi awe mtu aliye kwenye mkeka mmoja naye.

Kosa la kawaida ni rafiki asiye na shida zake. Yupo kumsikiliza mhusika mkuu, kumfuta machozi, kumpa nauli, kisha anatoweka hadi atakapohitajika tena. Kipimo cha kumkagua ni rahisi: mwondoe mhusika mkuu kwenye ukurasa, kisha uliza rafiki ana shughuli gani kesho asubuhi. Kama hana, bado hujamwandika. Salma wa mfano wetu ana yake: hana ndoo.

Yanayosemwa vijiweni

"Riwaya ni uongo, heri kumbukumbu." Uongo ni kumfanya mtu aamini kisicho kweli. Jalada likisema riwaya, hakuna aliyedanganywa.

"Kumbukumbu ni za marais na mawaziri." Shaaban Robert, aliyetuachia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, alikuwa karani wa serikali. Kinachohitajika ni swali linalokusumbua hadi leo. Mwenye cheo mara nyingi anatatizwa na hicho cheo, kwa kuwa kila sura anataka kujitetea.

"Mwisho lazima apate kwao." Wasomaji wengi hukasirika wasipoona arusi au kurudi nyumbani. Yusuf wa Peponi anamalizia akiwakimbilia askari wa Wajerumani, na ukifunga kitabu hujui kama ametoroka au amejipeleka kwenye utumwa mwingine. Mwisho ule ni sahihi. Mtu asiyekuwa na kwao kwa kurasa zote zile hawezi kupewa kwao katika kurasa mbili za mwisho bila msomaji kunusa gundi.

"Badilisha jina tu, umeshajikinga." Hili ndilo linaloleta ugomvi na hata kesi. Mji kama Masasi au Newala haujui watu kwa majina pekee. Ukiandika "mama lishe wa stendi mwenye mapacha na mume fundi saa", hata ukimwita Zuhura badala ya Zainabu, mji mzima umeshacheka. Kama ni riwaya, badilisha angalau mambo manne kwa pamoja: kazi, idadi ya watoto au ndugu, mahali na miaka. Kisha changanya watu wawili au watatu wawe mmoja. Kama ni kumbukumbu na umebadili jina la mtu, liseme hilo kwenye utangulizi kwa sentensi moja, ili ahadi yako ibaki safi.

Ukitaka kuandika ya kwako

Amua ahadi kabla ya kuandika sura ya pili. Kuna anayeanza kumbukumbu, akifika pabaya anahamia riwaya, pakipoa anarudi. Matokeo yake ni kitabu ambacho hakiaminiki wala hakipendezi.

Ukichagua kumbukumbu, kagua tarehe kwa vitu vilivyo nje ya kichwa chako. Kichwa hupenda kusogeza mambo. Ukiandika kwamba mwaka 1999 basi lenu lilipita Daraja la Mkapa pale Rufiji, msomaji wa kusini atakushika hapohapo, kwa sababu daraja lilifunguliwa 2003 na kabla yake mlivuka kwa kivuko. Daraja la Umoja juu ya Ruvuma ni la 2010. Vurugu za gesi Mtwara mjini ni za 2013, na mwaka ambao jeshi liliingia kusomba korosho ni 2018. Wazee wa Lindi wanakumbuka kimbunga cha 1952; mzazi wako akisema alikuwa anatambaa wakati ule, una mwaka wake wa kuzaliwa kwa karibu kuliko cheti kilichoandikwa baadaye. Tafuta pia ripoti za shule, kadi ya kliniki, barua na picha zilizoandikwa nyuma. Barua ukiipata usiinukuu nzima bila ruhusa: karatasi ni yako, maneno bado ni ya aliyeyaandika, na hakimiliki kwa sheria yetu hudumu miaka 50 baada ya kifo chake.

Mazungumzo ya miaka 20 iliyopita hukumbuki neno kwa neno, na hakuna anayetegemea hivyo. Unaruhusiwa kuyaunda upya mradi maana na tabia ya msemaji zibaki. Yafanye mafupi. Mazungumzo marefu yenye sentensi zilizonyooka ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka.

Jando na unyago vina kizuizi chao. Yaliyofundishwa ndani yamefungwa kwa kiapo, na kuyaanika ni kuwavunjia heshima walioyatunza, mbali na kwamba wanafamilia wanaweza kukususa. Andika kuingia na kutoka: aliyekupeleka, mvua iliyonyesha usiku ule, nguo mpya siku ya kutoka, rafiki ambaye baada ya hapo hakucheza rede tena. Kifasihi pia ni bora, maana mabadiliko ya mtu huonekana mlangoni.

Kabla ya kupeleka mswada kwa mchapishaji au kwenye shindano, wape kurasa zao watu walio hai uliowataja. Si kitabu kizima. Kurasa zao tu. Tuzo ya Safal ya Kiswahili hupokea kumbukumbu pamoja na riwaya, kwa hiyo kuandika ukweli hakukufungii mlango. Wape muda wa kusoma na uwaulize maswali mawili: wapi nimekosea jambo lililotokea, na wapi nimetoa siri isiyo yangu. La kwanza sahihisha bila kubishana. Akisema "mimi nalikumbuka vingine", usifute lako. Ongeza lake kando yake, kwamba fulani anakumbuka tofauti. La pili lina njia tatu. Unaweza kuliondoa tukio, kumwondoa mtu na kulibakiza tukio, au kukihamishia kitabu kizima kwenye riwaya na kuanza upya kuchanganya watu. Njia ya tatu ni kazi ya miezi, na usidhani itaishia kwenye kubadilisha majina kwa kompyuta. Itakubidi uingie kichwani mwa Salma.